Mwizi Uliyemfukuza Ni Mimi

Nyumbani,
Chumba cha nyuma, penye dirisha lisilofunga vizuri.
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa kaka,

Hujambo? Shemeji hajambo? Na yule mtoto aliyekuwa anawasumbua kwa kuota meno, yameshatoka? Sisi huku hatujambo. Mama mgongo umepungua kuuma tangu tumkataze kubeba ndoo, ingawa tukigeuka anabeba. Mdogo wetu wa mwisho amenipita urefu na anajua, akisimama karibu yangu anajinyoosha makusudi. Mimi niko mzima wa mwili. Roho ndiyo inatokota kama gundi iliyosahauliwa jikoni, na aliyeisahau jikoni ni wewe.

Najua utashangaa kupata karatasi. Ni wewe uliyenilazimisha. Ulimwambia mama kwamba meseji anaandika yeyote, sauti inaigizwa, picha inatengenezwa. Basi huu hapa mwandiko wangu, ule uliokuwa ukisema kama kuku kakanyaga wino akapita. Utazame vizuri. Kama kuna mwizi anayeweza kuandika vibaya hivi kwa makusudi, mpe kila kitu, huyo kastahili.

Nianze mwanzo. Ile kompyuta ya mezani uliyotuachia imekufa. Tuliiwasha ikatoa harufu ya waya unaoungua, ikazima, basi. Nikaibeba mpaka kwa fundi wa kompyuta aliye jirani na karakana yetu ya useremala, tunamwita Daktari. Akaifungua, akaipuliza, akainusa, akasema hapa hakuna mgonjwa, hapa kuna maiti.

Nikanunua kwake laptopu ya mtumba. Jasho langu, sikumwomba mtu. Herufi nyingine zimefutika, kifuniko hakisimami mpaka ukiegemeze kwenye kitu, na siku ya kwanza ilinikaribisha kwa jina la mtu nisiyemjua, mwenye nayo wa zamani. Daktari akamfuta yule mtu. Akaniambia haya, sasa ingia kwenye akaunti yako, vitu vyako vyote vitakuja vyenyewe. Hapo ndipo balaa lilipoanza, maana akaunti si yangu. Ni ile ya nyumbani uliyotufungulia wewe, kwa jina lako na kwa namba yako.

Nilikuwa na haraka, kaka, na nataka uelewe haraka yenyewe. Kuna mwalimu mkuu wa chekechea anataka vitanda vya watoto na rafu za kuwekea viatu. Alisikia habari zangu kwa yule muuguzi niliyemtengenezea kabati. Hakuja kumuuliza bosi. Aliingia karakana, akapita wote, akauliza ni nani aliyetengeneza kabati la muuguzi. Bosi akaninyooshea randa aliyokuwa ameishika. Baadaye akanivuta pembeni akasema hii ni yako, utatumia vifaa vyangu lakini kazi ni yako. Tangu nianze kushika msumeno hakuna aliyewahi kunitafuta mimi. Huwa wananitafuta ili niwaitie mtu mwingine.

Ila yule mwalimu ana macho makali. Nikamwambia kazi zangu ninazo kichwani naweza kumweleza. Akaniambia, "Kila fundi ana picha kichwani, mwanangu. Mimi nataka za kwenye kioo."

Na picha ninazo. Unajua tabia yangu, kila kitu nikikimaliza nakipiga picha kabla mwenyewe hajaja kukichukua, kwa sababu kikishatoka mlangoni sikioni tena. Vitanda, viti, lile kabati, mpaka zile meza ndogo za kwanza zilizoyumba. Simu yangu ilidondoka kwenye kopo la vanishi, mpaka leo haisemi. Zilizobaki zote ziko kwenye akaunti yako.

Basi nikaketi kwa Daktari, nikaandika pasiwedi uliyotupa. Mashine ikasema haiitambui laptopu hii, imetuma namba kwenye simu. Simu yenyewe ni ile yako ya zamani ya vitufe uliyomwachia mama. Nikamtuma mdogo wetu akimbie nyumbani akaisome. Akarudi anahema, anasema mama kasema hakuna namba. Nikaomba nyingine. Akakimbia tena. Hakuna. Nikaomba tena, mpaka mashine ikakasirika, ikaniambia nimejaribu mara nyingi, nirudi baadaye.

Kumbe namba zilikuwa zinafika vizuri sana. Mama alikuwa anazifuta. Ulimwapisha kabla hujaondoka kwamba namba ikija kwenye simu asimsomee mtu yeyote, hata mtoto wake wa kumzaa, na mama unamjua, akishaahidi kaahidi. Niliporudi nyumbani nikamkuta ana furaha. Akaniambia leo wezi wamehangaika na simu ya kaka yako, nimewafuta wote.

Sikumkasirikia. Nilikaa kitako kwenye kizingiti nikacheka mpaka akaniuliza nina nini. Nikamweleza. Akafikiri, halafu akasema namba hawezi kumpa mtu yeyote aende nayo barabarani, ila kama ni lazima atakuja nayo yeye mwenyewe.

Kesho yake akaja. Kavaa vizuri, simu kaifunga kwenye kitambaa, kitambaa kakitia kifuani. Akamtazama Daktari na wateja wake wawili kama watu aliowahi kuwaona polisi. Namba ilipoingia akakataa kuisema kwa sauti. Akaniinamisha kichwa, akaweka kiganja kwenye sikio langu, akaninong'oneza moja moja, na kila namba ananyamaza kwanza anawaangalia. Daktari akaongeza sauti ya redio ili mama apate amani. Watu wakacheka. Mimi niliona aibu mpaka shingoni, lakini nikaandika.

Ikafunguka, kaka. Nikaziona. Kabati la muuguzi lilikuwa la kwanza kabisa, milango wazi, ile bawaba niliyoihangaikia inaonekana. Mama akavaa miwani, akasogea, akauliza haya yote ni wewe? Nikasema ndiyo. Akaanza kuuliza la pili ni la nani.

Hatukufika la pili. Kioo kikaruka chenyewe, kikarudi mlangoni, kinadai pasiwedi. Nikaandika ile ile. Kikasema siyo.

Nikiwa bado naduwaa, simu ya Daktari na simu za wateja hazikulia, ililia simu nyingine ya mama, ile kubwa aliyoiacha mkobani. Kundi la familia. Ulikuwa umeandika: "Kuna mwizi ameingia kwenye akaunti ya nyumbani sasa hivi. Nimemfukuza, nimebadilisha pasiwedi na ile namba ya zamani nimeitoa. Kuweni macho."

Kaka, ulipoulizwa kama ni wewe uliyeingia, ukabonyeza si mimi. Sawa, si wewe. Lakini hukujiuliza hata mara moja ni nani mwingine anayeijua pasiwedi ya nyumbani? Huna mdogo wako? Mimi nilizaliwa wapi?

Na lile kundi likafurika sifa. Shangazi akakuombea maisha marefu. Baba mdogo akaweka na methali, kikulacho ki nguoni mwako, bila kujua kaigonga penyewe. Mama mwenyewe, hapo hapo pembeni yangu, kabla sijamwambia kitu akashika simu akakurekodia sauti, ahsante mwanangu, Mungu akuzidishie, umemkomesha huyo. Daktari aliweka kichwa mezani kwa kucheka. Mimi nilikuwa nimeshika laptopu kwa mikono miwili, mwizi, nimekaa katikati ya wapongezaji.

Simu ya mama haikuwa na salio, nikaazima ya Daktari nikakupigia. Ulipokea vizuri tu. Nikasema kaka ni mimi, ni mdogo wako. Ukaanza kuongea. Ukaniambia mbinu hizo unazijua, mnapiga kwa namba ngeni mnajifanya ndugu, ukasema na mengine siyaandiki hapa kwa sababu mama ataisoma barua kabla haijafungwa. Halafu ukasema, "Kama kweli ni wewe, haya, ongea."

Unajua nikiambiwa haya ongea huwa nakuwaje. Watu wamenitolea macho, redio imepunguzwa, na wewe upande wa pili unasubiri. Ulimi ukaganda. Nikakusikia unamwambia mtu wa huko kwamba mwizi kakosa la kusema, ukakata.

Kaka. Ni nani mwingine dunia hii anayekupigia simu halafu ananyamaza? Umeniita Kimya tangu nikiwa sijui kufunga vifungo vya shati. Nilivyonyamaza pale ndiyo ilikuwa pasiwedi yangu, na wewe ndiye mtu pekee uliyepaswa kuijua.

Mama alipokupigia kukueleza, ukamwambia wamemlaghai, na kwamba hata sauti yake wewe huna hakika nayo. Hilo ndilo limenifanya nishike kalamu. Alirudisha simu kwenye kitambaa taratibu. Akasema, "Nimembeba mgongoni mpaka ameanza kutembea, leo ananiuliza mimi ni nani." Hajalia, usijali, au jali. Ila tangu siku ile simu yako ikilia anasema mpokeeni nyie, mimi naigizwa.

Yule mwalimu mkuu alikuja kama alivyoahidi. Nilikuwa nimempangusia kiti. Nikamwambia picha ziko kwenye akaunti, akaunti imefungwa, kaifunga kaka yangu. Hata mimi nikijisikia nilijiona mwongo. Alinitazama kwa huruma, ile huruma ya mtu anayekaribia kuondoka. Bosi akamwambia huyu kijana haongei lakini hadanganyi, mpe mpaka mwisho wa mwezi. Akakubali, lakini alisema kuna fundi mwingine keshamwonyesha za kwake, na ni nzuri.

Kwa hiyo sikiliza, maana safari hii ninaongea mimi. Barua hii anakuletea binamu yetu dereva wa lori, uso wake unaujua, hauwezi kuigizwa na mtu, hakuna mtu angependa. Analala kwenu siku moja halafu anageuza. Mwandikie pasiwedi mpya kwenye karatasi, aikunje aitie kwenye kiatu kama unaogopa. Halafu ingia kwenye akaunti, pale penye namba ya simu weka ya mama. Siyo yako, ya mama. Nikiingia utaulizwa tena kama ni wewe. Usikimbilie kubonyeza. Kumbuka kwanza una ndugu.

Na kwenye kundi uandike. Sitaki unisifu. Andika tu kwamba yule hakuwa mwizi. Mimi nimeshajaribu, nikaandika nikafuta, nikaandika nikafuta, na baba mdogo bado anauliza kama mwizi amekamatwa.

Mpe mkono shemeji, mwambie ile shuka aliyomtumia mama haijatandikwa bado, inangoja wageni. Mbusu mtoto. Mama anakusalimu, kanikataza nisiandike kuwa amekusamehe. Mdogo wetu wa mwisho anakusalimu na anadai viatu, kwa mbio alizokimbia siku ile. Daktari pia, ingawa humjui, anasema familia yetu ina ulinzi kuliko benki.

Jambo moja la mwisho. Ninaandikia pale pale tulipokuwa tunalala, dirisha bado halifungi vizuri. Enzi zile ukichelewa na baba keshafunga mlango, ulikuwa unakuja kwenye dirisha hili unagonga kwa kucha. Nikiuliza nani, unajibu "mimi". Basi. Hukutaja jina, hukutaja namba, wakati mwingine ulikuwa umebanwa na mafua hata sauti siyo yako. Na mimi nilifungua. Kila mara, kaka, nilifungua.

Mungu akulinde huko uliko, akulinde na wezi wa kweli, na akupe kuwajua watu wako hata wakiwa kimya.

Akupendaye hata akiwa amenuna,

Mimi.