Mkono wa Modesta

Jumatatu, 6 Julai 1992
Baridi. Cherehani imegoma mpaka jua lilipopata nguvu. Mke wangu amelala kifudifudi juu ya meza yangu ya kukatia nguo, anapiga mikono hewani. Eti mazoezi. Wateja wawili wamechungulia, wakageuza. Nampenda Modesta, ila suruali za watu zinachelewa.

Jumatano, 8 Julai
Barua ya afisa utamaduni imefika. Modesta anaitwa Dar, mashindano ya kuogelea ya taifa. Tangu usichana wake kule Kabwe, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, wakishindana kuogelea hadi kwenye mtumbwi hakuna aliyemtangulia. Mkoa ameshinda mara sita. Taifa hawajawahi kumwita. Ana miaka thelathini na mbili, nafasi nyingine haitakuja.

Kasiani, fundi mwenzangu hapa kibandani, kauliza mbele ya watu mbona mume wa bingwa haogelei. Aibu. Mimi Mfipa wa huku juu, maji ninayoyajua ni ya kwenye karai. Nikaropoka: Modesta akirudi na kikombe, nitaingia ziwani. Kacheka mpaka kashika mbavu. Kisha akachukua chaki yangu, akaiandika ahadi ukutani.

Jumamosi, 11 Julai
Barua inataka aogelee na nguo ya kubana. Zamani tungeipata wapi? Siku hizi mitumba imejaa soko zima. Nimechambua marobota matatu, nikapata moja ya buluu, ya mwanamke mara mbili yake. Nimeipunguza. Kila mshono nimeurudia. Ikifumuka mbele ya watu wa Dar, nauhama mtaa huu wa Malangali.

Jumatatu, 13 Julai
Kaondoka na basi la asubuhi. Nimempa karanga, chupa ya chai na koti langu.

Sikumwambia kwamba naogopa. Siogopi akishindwa, naogopa akishinda. Ziwa lile limenitisha tangu siku niliyokwenda kuposa.

Jumapili, 19 Julai
Redio ya Kasiani imesema. Modesta wa pili.

Jambo la kwanza nililohisi ni ahueni. Naandika kwa sababu daftari hili halisomwi na mtu. Mke wangu amekosa kitu alichokitaka maisha yake yote, na mimi nimeshusha pumzi kwa kuwa miguu yangu haitalowa. Mume gani huyu? Nimeharibu kola mbili leo.

Alhamisi, 23 Julai
Amerudi, amekonda. Nguo haikufumuka.

Amenisimulia akiwa ameshika kikombe cha chai bila kunywa. Bwawa lina kuta, unakwenda na kurudi. Ukuta wa kule alifika wa kwanza, amewaacha wenzake urefu wa mtu mzima. Akashika ukingo, akageuka, akanyoosha mkono. Kabwe ndivyo wanavyofanya. Anayetangulia kwenye mtumbwi humpokea anayemfuata, wimbi lisije likambamiza. Yule msichana wa Dar akauangalia mkono, akagusa ukuta, akaenda zake. Modesta alipozinduka ameshaachwa. Alijua fika kwamba ni kwenda na kurudi. Mkono ndio haukujua.

Nilikasirika. Nikamwambia, "Siku moja tu ungeuzuia huo mkono."

Akasema, "Haukuniuliza, Baba Deo."

Alilia kidogo. Kisha akalowesha kitambaa, akaifuta ahadi yangu ukutani. Akaniambia nisiwe na wasiwasi, ziwa nimesamehewa.

Ijumaa, 24 Julai
Pale ukutani pamebaki alama nyeupe. Nashona nikiwa nimeupa ukuta mgongo.

Jumatatu, 27 Julai
Kasiani kaanza utani: bingwa wa kupungia watu mkono. Nimemwambia afunge mdomo au ahamishe cherehani yake. Kafunga.

Modesta hajapanda mezani tangu arudi. Meza ni yangu peke yangu sasa, suruali zinatoka kwa wakati. Naichukia.

Jumapili, 2 Agosti
Kabwe, kwa wakwe. Ziwa limetulia. Mtumbwi wa shemeji umetia nanga hatua kama ishirini kutoka ufukweni. Modesta aliogelea akaufikia, akaushika, akiongea na kaka yake.

Nikavua shati na viatu. Hakuna aliyenituma. Maji yakafika magotini, kifuani, kisha mguu ukatafuta chini, hakuna chini. Nikapiga mikono kama nilivyomwona akipiga pale mezani. Nimekunywa maji mengi. Macho nilifumba.

Nikaukuta mkono. Ulikuwa umeshanyooshwa.