Mzee Aliyekuja na Kiti cha Magurudumu

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo: Polisi, uwanja wa ndege
Jina: kama lilivyo kwenye kitambulisho, maarufu Bi Kengele
Umri: miaka 57
Kazi: mlezi wa bweni, shule ya wasichana
Makazi: nyumba za watumishi, ndani ya shule
Uhusiano na mtuhumiwa: shemeji yangu, mume wa marehemu dada yangu

Nimekuja kwa hiari yangu, sijaburutwa na mtu. Jina la Bi Kengele nilipewa na wanafunzi, kwa sababu mimi ndiye ninayewaamsha, na wanadai sauti yangu haina pa kupunguzia. Kwa hiyo afande akisikia napaza sauti asidhani ni hasira. Au ni hasira, lakini si juu yake.

Dada yangu alilazwa wiki sita katika hospitali ya mji ninakokaa. Mimi na mwanawe wa pekee tulipokezana kumuuguza. Shemeji alibaki nyumbani kwao, huku pwani, kwa sababu magoti yake hayawezi tena safari ndefu. Maumivu hayakumwacha dada apate usingizi, na kila jioni shemeji alipiga simu na swali lake lilikuwa hilohilo: "Leo amepumzika?" Mwanawe anamjibu, "Bado, baba." Simu inakatwa. Nilikuwa namtania shemeji kwamba anaongea kama mtu anayelipia kila neno, naye ananiambia tangu lini kengele ikafundisha watu kuongea.

Mnamo tarehe 11 mwezi huu, alfajiri, dada yangu alikufa. Mwanawe alitoka nje ya wodi kumpigia baba yake, nami nilisimama ubavuni kwake nikasikia yote. Alisema, "Baba, mama amepumzika." Shemeji akasema, "Afadhali. Afadhali, mwanangu, ameteseka sana." Kijana akasema, "Kesho narudi naye kwa ndege ya mchana." Shemeji akajibu, "Nitakuja kuwapokea." Basi, nikasema mzee kajikaza kiume. Tukaona tumwachie mwenyewe awaambie ndugu na majirani, maana mwenye msiba ni yeye. Jioni hiyo hakupiga, nasi hatukumpigia tena, tulikuwa tunakimbizana na vibali na jeneza.

Tarehe 12 tulipanda ndege, ile ndogo ya watu kama arobaini. Karibu wote walikuwa wanakwenda likizo ufukweni, wana kofia pana, na kuna mtoto alishajaza upepo boya lake la kuogelea, mama yake anahangaika pa kuliweka. Tulipokaribia, rubani akatangaza kwamba walio kushoto wataona bahari na mahoteli. Watu wakatuegemea na simu zao. Bibi mmoja akamwambia mwanangu, maana mtoto wa dada yangu ni wangu, "Kijana, umepewa dirisha, tazama basi." Hakutazama. Alikuwa anakagua sakafu. Nikamuuliza anatafuta nini. Akasema, "Mama Mdogo, sijui yuko chini ya kiti kipi." Nikamwambia anyanyue miguu kidogo, asimkanyage mama yake. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Aliinyanyua, na mpaka ndege inagusa ardhi hakuishusha. Mhudumu akatushukuru kwa kusafiri nao na kututakia mapumziko mema. Nilitamani kumziba mdomo, maskini, na wala hakuwa na kosa.

Uwanja huu afande anaujua. Ukiwa kwenye ngazi za ndege unawaona wanaokusubiri nyuma ya ule uzio wa waya. Ilikuwa kama saa nane na robo. Nilimwona shemeji amevaa shati lililopigwa pasi, chupa ya chai kwapani, na mbele yake kiti cha magurudumu kilichowekewa mto. Nilidhani ni kwa ajili ya magoti yake. Lakini yeye alikuwa amesimama, tena anatabasamu, na hakututazama sisi. Alikuwa anautazama mlango wa ndege nyuma yetu. Mwanangu akasema, "Mama Mdogo, baba hajui."

Abiria wa mwisho aliposhuka, shemeji alikisukuma kile kiti akapita kwenye geti la wafanyakazi, lililokuwa wazi kwa ajili ya mkokoteni wa mabegi. Ni kweli kwamba hapo haparuhusiwi. Mlinzi alimfuata akamsimamisha karibu na ndege. Nilikuwa hatua chache kutoka kwao. Shemeji alisema, "Mke wangu bado yumo ndani. Hawezi kushuka ngazi peke yake." Mlinzi akamuuliza jina la mkewe, akatazama karatasi aliyoshika, akasema, "Mzee, huyu hayumo kwenye abiria. Huyu ni mzigo."

Shemeji akauliza, "Nani mzigo?"

"Mkeo. Ndivyo ilivyoandikwa hapa."

Wapakuzi walikuwa wameshafungua tumbo la ndege, na jeneza likaanza kutoka. Shemeji alilitazama, akamgeukia mlinzi, akampiga na chupa ya chai usoni. Alimpiga mara moja, si mara tatu kama inavyodaiwa. Nilisikia kioo cha ndani kikivunjika. Hakukimbia. Alisimama palepale, chai inamchuruzika mkononi, anamwambia mwanawe, "Ulisema amepumzika." Kijana akasema, "Ndiyo, baba." "Si ulisema amepumzika?" Alirudia hivyo mpaka askari wakamchukua.

Simsemi vibaya mlinzi. Naye ni mtoto wa watu, ameshonwa juu ya jicho, na tumekaa naye benchi moja hapo nje nikamwomba radhi. Ameniambia alisoma kilichoandikwa, na namwamini. Ninachoomba ni kimoja: mwanangu ametangulia na jeneza kuwaarifu ndugu, na mazishi ni kesho saa nne asubuhi. Mnaweza kumshtaki shemeji baadaye, hana pa kukimbilia na magoti yale. Ila mtu aliyeishi na mkewe miaka thelathini na tano asikose kumzika.

Kabla ya kutoa maelezo haya niliruhusiwa kumwona mahabusu. Kwanza alisema kiti ni cha kuazima, cha zahanati, kisije kikapotea. Kisha akauliza nani alikuwa na dada. Nikasema ni mimi. Akauliza, "Alikuwa amelala?" Nikamwambia, "Hapana, shemeji. Alikuwa macho, nimemshika mkono, akakutaja, akafa." Hapo ndipo akakaa chini na kulia. Aliponyamaza alinishukuru. Akasema watu wazima wote wale, na hakuna aliyekuwa amemwambia.

Niliyoyaona na kuyasikia ndiyo hayo, sina la kuongeza.

Saini ya shahidi: (imewekwa)

MAELEZO YA AFISA
Nimeyaandika haya kutoka kinywani mwa shahidi. Mtuhumiwa ametolewa kwa dhamana ya shahidi saa kumi na moja jioni, atarudi kuripoti Jumatatu. Kiti cha magurudumu na mto amekabidhiwa shahidi. Aliposomewa maelezo yake, shahidi aliomba neno moja lirekebishwe. Niliandika kwamba marehemu "alipumzika". Nimelikata na kuandika "alikufa".

Saini ya afisa: (imewekwa)