Kunde za Poka

Kikima, 2 Juni 2024

Dada yangu Kalekye,

"Poka haiwezi kuchezwa na watu wa maana bila chipu za dukani, na za bei nafuu kuliko zote ni zile za plastiki zinazouzwa Kambu." Hayo ni maneno ya Musyimi, mwalimu mwenzangu, na ninayanukuu yote ili uone jinsi mtu aliyesoma anavyoweza kukosea mara mbili kwa sentensi moja.

Lakini nikusalimie kwanza, kabla sijapandwa na hasira. Huku milimani baridi imetukaba, ila kifua changu kiko sawa. Goti lako je? Na mbuzi?

Kama ujuavyo, tuko wanne, tunacheza karata kwangu Jumapili baada ya ibada. Hatuchezi kwa pesa. Mchungaji ametutaja mara mbili mbele ya kanisa zima, na mara mbili nimemjibu kwa maandishi. Sasa, pasipo pesa lazima pawe na kitu cha kuweka dau, vile vidude vya duara ambavyo Musyimi anaviita chipu. Nimezishika hizo za Kambu: nyepesi kama maganda, na rangi inabaki kidoleni. Vifuniko vya soda vinakwaruza meza. Vifungo vya nguo havifiki hamsini hata tukivua mashati. Nikamwambia Musyimi, tumia kunde. Nyeupe ni moja, nyekundu ni tano, nyeusi ni kumi. Nimezipata humu humu nyumbani, nimeziosha zikang'aa, na Jumapili iliyopita yeye mwenyewe alipoteza nyeusi zote. Mtu mwenye kitu cha bure anunue cha bei nafuu kwa nini?

Ndugu yako,
Mwau

Mutomo, 30 Juni 2024

Mwana wa mwaitu, mtoto wa mama yetu,

Barua yako imenifikia kwa mkono wa Mutisya wa basi, na hii yeye ndiye atakayeileta, maana simu huku inashika ukipanda kilimani tu na goti halitaki. Asubuhi linauma, mchana linasahau. Mbuzi mmoja amezaa mapacha. Wewe vaa sweta.

Poka siijui, lakini nimecheka. Kunde mezani si mbaya, mradi mkimaliza zirudi kwenye sufuria. Ila acha kubishana na mchungaji. Huyo ndiye atakayekuzika.

Yale makopo matatu ya mama niliyokuachia Pasaka juu ya kabati, usiyafungue. Mbegu zikae na jivu lake vile vile, ndilo linalozuia fukusi. Ghala langu bado lina fukusi, ndiyo sababu nilizileta huko kwenye baridi. Sina nyingine, Mwau. Hata Ndinda na Mumbua wa mwethya, kundi letu la kulimiana kwa zamu, zao zimeisha, na nimewaahidi kila mmoja kikombe, maana kwa mvua zetu hizi fupi hakuna kunde nyingine wanayoiamini. Oktoba nitamtuma Mutisya.

Dada yako mkubwa,
Kalekye

Kikima, 25 Agosti 2024

Dada Kalekye,

Samahani kwa kukawia, nilikuwa na mitihani ya kusahihisha. Natumaini goti limepoa. Sisi wazima.

Makopo yapo.

Musyimi alinunua chipu zake za plastiki, na ndizo tunazotumia sasa. Sitaki kulizungumza.

Ndugu yako,
Mwau

Mutomo, 27 Oktoba 2024

Mwana wa mwaitu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, mapacha wa mbuzi wananyonya, na tumenyeshewa siku tatu mfululizo.

Mutisya alileta makopo. Mwethya walikuja kwangu, wanawake kumi na wanne, na tulimaliza kupanda kabla ya saa sita. Ndinda na Mumbua nimewapa vikombe vyao. Jivu niliona ni jeupe na laini kuliko nilivyokumbuka, nikasema ni macho yangu. Umetunza vizuri. Mama alikuwa akisema mkono wako unajua kalamu tu, na leo angekuomba radhi.

Dada yako,
Kalekye

Mutomo, 12 Januari 2025

Mwau,

Hukunijibu, na Krismasi hukuja. Natumaini si ugonjwa.

Kunde zilikataa. Ziliota vizuri, majani mapana, Desemba yote tulikula majani. Lakini za mama hutoa maua kabla mvua haijachoka. Hizi zilitambaa tu kama mgeni anayezunguka nyumba bila kusema haja yake, na mvua ikakatika kabla ya ua la kwanza. Kwa Ndinda ni hivyo, na kwa Mumbua.

Jumapili nje ya kanisa Ndinda aliniambia mbele ya watu, "Kalekye, zile nzuri ulijifichia." Nikamwambia nilipanda kutoka makopo yale yale, aje aone shamba langu. Akasema hana haja, ameona lake. Jumanne ilikuwa zamu yangu ya mwethya kuja kutengeneza matuta. Nilipika uji wa watu kumi na wanne. Hakuja mtu.

Nimekaa na jambo hili. Labda nilizianika vibaya. Labda nilizichanganya wakati wa msiba wa mama, nilikuwa sioni vizuri kwa kulia. Wewe uliyesoma, niambie: mbegu inaweza kugeuka kwa sababu ya kosa la mwenye mkono?

Kalekye

Kikima, 2 Februari 2025

Dada Kalekye,

"Labda nilizianika vibaya." Hayo ni maneno yako, na hayana ukweli hata kidogo. Hukukosea. Nitakusalimia mwishoni, kama utakuwa bado unaisoma barua hii.

Pasaka uliniambia ni mbegu. Nilikuwa nasoma gazeti, nikaitikia ndiyo. Nilipotafuta chipu za bure nilifungua makopo, nikaona jivu, nikalidharau, nikaziosha kunde za mama kwa sabuni na kuzianika juu ya mabati. Kufikia mwisho wa Juni fukusi walikuwa wamezitoboa, na tukawa tunawekeana dau la matundu. Barua yako ilinikuta nimeshawamwagia kuku.

Ningekuambia siku ile. Badala yake nilienda sokoni Kikima nikanunua kunde za rangi tatu, nisijue zimetoka wapi. Nilichota jivu la jiko langu. Macho yako hayakukosea: nilichekecha lile jivu, Kalekye, ili lionekane la mama. Mimi niliyemwandikia mchungaji kurasa nne juu ya unafiki. Uliponishukuru nilishindwa kushika kalamu.

Nilikumbuka kwamba Kathini, binti ya shangazi, alipewa mbegu na mama alipoolewa Mukuyuni. Nilimfuata Jumatano kibandani kwake sokoni. Akauliza zetu zimekwenda wapi, na watu walikuwa wamesimama hapo wakisubiri nyanya. Nikasema, "Nilizichezea karata." Akaacha kupima nyanya.

"Ulishinda?"

Nikasema nilishinda.

Amenipa kikombe kimoja cha nyekundu. Nyeupe na nyeusi hana, na hajui mwingine aliye nazo. Kikombe hicho kiko kwa Mutisya pamoja na barua hii, ndani ya jivu la Kathini. Sijakifungua.

Sasa naomba barua hii isiwe yako peke yako. Isome kwa sauti Jumapili, pale pale nje ya kanisa uliposemwa. Ukiona haya kwa ajili yangu, Mutisya aisome. Nakusalimu, dada.

Ndinda, na wewe Mumbua: Kalekye hakuficha kitu. Aliwagawia alichopewa, na aliyempa uongo ni mimi. Msinisamehe, sijaomba. Lakini matuta yake bado yamebomoka, na mvua za Machi hazitangoja. Jumanne hii nendeni shambani kwake na majembe, nyote kumi na wanne, na mnywe uji wake. Nitakuwa hapo tangu alfajiri. Mnionyeshe pa kuanzia.

Mwana wa mwaitu,
Mwau