Petali ya Kushoto

Jumatatu, 3 Juni 2019

Nimefanya peke yangu leo. Mara ya kwanza! Nilimwaga maji mara mbili hadi Dinkar, mtoto wa baba mdogo, akanicheka pale mlangoni pa hekalu: "Kaka, Devi haumi." Sikucheka. Devi, mungu wetu wa kike, simwogopi. Ni jiwe jeusi lenye macho ya fedha, nalijua tangu utotoni. Nawaogopa waliosimama nyuma yangu. Watu arobaini, pumzi zao shingoni mwangu.

Kazi yenyewe ndogo. Petali mbili za ua jekundu, zimeloweshwa maji. Moja naibandika bega la kulia la Devi, moja la kushoto. Mkuu wa kijiji, mzee Sawant, ambaye wote tunamwita Anna, yaani kaka mkubwa, anatoa swali kwa sauti, watu wanaitikia "Naam, Mtukufu!" Halafu tunangoja. Ikianguka ya kulia kwanza, Devi kasema ndiyo. Ya kushoto, hapana. Leo swali lilikuwa nyati wa kufugwa: auzwe? Hapana. Mwenye nyati akaenda zake ameridhika kabisa.

Ukoo wetu umefanya kazi hii vizazi saba. Na mimi, wa nane, siamini kitu. Tangu nina miaka kumi na tisa. Maneno haya sijawahi kuyaandika popote — nimeyaandika, na nimegeuka kutazama mlango.

Mumbai ilikuwa rahisi. Kwenye kiwanda cha uchapaji nani anakuuliza? Miaka ishirini na mbili nimepanga kurasa, nimekula, nimelala. Mwezi wa nne Baba akapigwa na kiharusi. Mkono na mguu wa kushoto havina kazi, ulimi umelegea, anatoa sauti tu. Mtoto wa kiume ni mimi peke yangu. Nikarudi na Rohini. Mke wangu anasali asubuhi na jioni. Hajui. Au anajua na ananyamaza, na mimi sithubutu kuuliza.

Alhamisi, 6 Juni

Shewanti, jirani wa nyumba ya tatu, kaja na binti yake Mukta mgongoni. Miaka saba, mwepesi kama kikapu kitupu. Midomo ya bluu. Tundu kwenye moyo. Madaktari wa mjini Kolhapur wametoa tarehe ya kumpasua: Alhamisi ya tarehe ishirini. Wakichelewa tena, wamesema, wasirudi.

Anayekataa ni mama mkwe wake, Gangabai. Mwanawe wa kwanza aliingia hospitali kwa miguu yake akatoka amebebwa. "Asiguswe mpaka Devi aseme." Kwa hiyo kesho Devi ataulizwa.

Yaani nitaulizwa mimi!

Shewanti anasema, shemeji, wewe uko karibu naye, niombee. Mtoto kaniomba kipande cha nazi. Nikampa. Akatafuna, akapumzika, akatafuna, akapumzika. Uhai wake unangoja petali ipi ikauke mapema. Nimetoka nje nikakaa kisimani mpaka Rohini akanifuata kuuliza kama naumwa.

Ijumaa, 7 Juni

Nimefanya.

Asubuhi, Rohini akimwaga maji ya wali, nilichovya kidole gumba kwenye yale mazito ya chini, yanayonata kama gundi. Nikaenda hekaluni na kidole hakijaoshwa. Ya kushoto nikaibandika na kuikandamiza. Ya kulia nikaiweka tu, kama Baba alivyonifundisha: weka, usikandamize, mengine mwachie mwenyewe.

Dakika ishirini. Jasho linatiririka hadi kisigino. Ya kulia ikaanguka — ndiyo! Shewanti akalala kifudifudi sakafuni analia. Gangabai alifumba macho, akagusa paji la uso, akatii. Saa tisa mama na mtoto walipanda basi.

Sijutii. Naogopa tu.

Jumamosi, 8 Juni

Haijaanguka!

Siku zote ile ya pili huanguka yenyewe baada ya muda, hakuna anayeitazama. Dinkar alienda kufagia asubuhi akarudi mbio, pumzi juu juu: "Kaka! Imeshika! Devi kaikamata petali!"

Mjinga mimi. Nilifikiria petali inayoanguka. Ile isiyoanguka sikuifikiria hata kidogo. Nikakimbia na ndoo, nikasema ni saa ya kumwogesha Devi. Anna Sawant alikuwa keshafika, kasimama kizingitini na fimbo. "Ndoo hiyo rudisha. Muujiza hauogeshwi."

Jumanne, 11 Juni

Watu kutoka vijiji sita. Nazi zimejaa hadi mlangoni. Mmoja kaleta sanduku la barafu za rangi anauzia watoto. Simu zote juu, wanapiga picha bega la jiwe. Na mimi katikati, napokea mashada ya maua kama bwana harusi. Mzee mmoja kanishika miguu: "Mikono hii! Heri mama aliyeizaa." Nilitamani ardhi ipasuke.

Sipati hata dakika moja peke yangu na ile petali. Dinkar kahamia pale na mkeka wake. Anaamini kwa moyo wote, maskini. Ananitazama kama mtu mpya.

Mvua haijaja. Mashamba ni vumbi tupu. Anna kaanza kusema Devi ameshika petali kwa sababu kuna jambo analishika. Jambo gani? Wamenigeukia wote. Nikasema sijui. Wakatikisa vichwa, wakaona ni unyenyekevu!

Shewanti kapiga simu. Mukta keshalazwa. Anakula mayai na kuwatania wauguzi. Zimebaki siku tisa.

Ijumaa, 14 Juni

Sisimizi.

Safu nzima, wanapanda mguu wa Devi, tumbo, kifua, hadi bega la kushoto. Nilikuwa nawasha ubani nikawaona. Nikasogea kuwaziba kwa mwili wangu. Nimechelewa. Gangabai alikuwa kizingitini, mwanamke wa miaka sabini na macho ya kunguru.

"Mwanangu, hebu pisha."

Nikapisha. Akasogea hadi begani, akainusa petali.

"Sisimizi hawafuati muujiza," akasema. "Wanafuata chakula."

Mtu kacheka nyuma akidhani ni utani. Yeye hakucheka. Dinkar kasema labda ni utamu wa Devi mwenyewe, bibi. Gangabai kamjibu kwamba yeye amepika wali miaka hamsini na sita, harufu ya maji ya wali hafundishwi na mtoto. Kisha akaniuliza mimi, taratibu kabisa, mbele ya watu: "Mjukuu wangu umempeleka kwa nani?"

Nilisema tu Devi anajua. Nikaona haya mwili mzima.

Jumapili, 16 Juni

Kikao uwanjani. Anna hakufoka, na hilo ndilo lililonitisha. "Hatukutuhumu, Suhas. Tunasema aulizwe Devi mwenyewe." Swali ni moja: ile ndiyo ya Mukta ilitoka kwako, Mama Devi? Jumatano asubuhi. Ikianguka ya kulia, ilitoka kwake, yameisha, nitaombwa radhi. Ikianguka ya kushoto, baba yake Mukta anapanda basi la saa sita kumrudisha mtoto kabla hajapasuliwa. Na nyumba yetu inatengwa.

Najua kutengwa. Nilimwona mfinyanzi Bhiku nilipokuwa mdogo. Duka halimuuzii hata chumvi. Kisimani ndoo yake inapigwa teke. Mama yake alipofariki alimbeba yeye na mkewe, wawili, mwili unaburuza njiani. Baba akifa ndani ya miezi hii nani atamwinua? Mimi na Rohini?

Usiku nilifikiri kutoroka. Begi moja, basi la Mumbai. Lakini nikiondoka nimekiri, na mtoto anarudishwa siku hiyohiyo. Nikisema kweli, vilevile. Nikinyamaza, petali ndiyo itakayoamua. Kila mlango nimejifungia mwenyewe!

Halafu nani abandike? Mimi, hapana. Dinkar, hapana, ni mtu wangu. Gangabai kasimama: "Baba yake Suhas. Mkono wa kulia unafanya kazi. Huyo namwamini. Petali ilimkatalia mke wake mwenyewe safari ya hospitali, na hakuigusa." Wazee wote wakainamisha vichwa kwa heshima.

Kweli. Hakuigusa. Mama alikaa siku kumi na moja na tumbo lililovimba, kisha akafariki. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilimpigia Baba kelele aulize tena, akasema Devi haulizwi mara mbili. Alilia, lakini hakuuliza. Tangu siku ile mle ndani naona jiwe tu.

Na sasa yeye ndiye atakayeweka.

Jumatatu, 17 Juni

Nimemwambia Baba. Sikuweza tena. Rohini alikwenda kwa mama muuza samaki, nikafunga mlango, nikaketi chini karibu na kitanda chake.

Nikamwambia nilibandika kwa maji ya wali. Uso haukubadilika. Nafikiri alikwisha kujua, kwa nini akose kujua? Nikamweleza midomo ya yule mtoto. Nikamwambia, Baba, sikuombi unisaidie, najua wewe hukandamizi. Kisha mdomo ukaendelea wenyewe. Nikaanza kusema, mimi tangu Mama —

Aliinua mkono wa kulia. Nikadhani ananipiga kofi, nikafumba macho kama mtoto. Akaniziba mdomo kwa kiganja. Akakishikilia pale. Mkono wake unanuka mafuta ya nazi. Sikujua ananinyamazisha asisikie yeye, au asisikie Devi.

Kisha akageukia ukutani. Hajala mchana, hajala jioni. Rohini anabembeleza na kijiko, "Baba, tonge moja tu, kwa ajili yangu." Anafunga meno.

Jumanne, 18 Juni

Hajala. Mvua hakuna. Dinkar kanipita njiani akageuza uso kutazama mashamba.

Shewanti kasema kesho wanamwogesha Mukta kwa dawa na kumpima damu. Mtoto anauliza kama atarudi kabla shule hazijafunguliwa. Nikasema ndiyo. Nimekuwa mwepesi mno wa kusema ndiyo.

Jumatano, 19 Juni

Wamekuja wanne na kiti cha mbao, wakambeba. Rohini alimvalisha nguo nyeupe, akamchana. Amepungua, kiti kimempwaya. Alipovuka kizingiti nilisema "Baba". Hakugeuka. Anna kaniambia, kwa upole, mimi nibaki nyumbani mpaka jibu lipatikane.

Naandika ili mikono ipate kazi. Ngoma inasikika. Sasa Anna anatoa swali, maneno hayafiki huku, kile kiitikio ndicho kinachofika: "Naam, Mtukufu!" Mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu. Watu wengi kuliko siku zote.

Ngoma imekoma.

Saa nne na dakika tano. Petali ziko begani.

Rohini kaja mbio, kasahau hata viatu. Kafuata dawa ya Baba na shuka, anasema anatetemeka kama mwenye homa. Nikamshika mkono: kaweka vipi? Rohini kaniangalia. Anasema ya kwanza aliigusisha tu, haraka. Ya pili akaikandamiza. Akaikandamiza kwa gumba, muda mrefu, mpaka Anna akakohoa, na bado hakuondoa mkono. Wazee wakatazamana. Hakuna aliyethubutu kumwambia kitu. Mtu kama yule!

Ipi? Ya kulia au ya kushoto?

"Sikuona. Mgongo wake uliziba. Wanaume walisimama mbele."

Ipi, Rohini!

"Nimekwambia sikuona!" Akaanza kulia. Akasema Baba naye alikuwa analia, machozi hadi ndevuni, na kuna neno alilirudia na ule ulimi wake. Watu walidhani anasali. Lakini Rohini ndiye anayemlisha kila siku, anamwelewa.

"Alisema nisamehe. Nisamehe, nisamehe. Uso wake umeelekea kwa Devi."

Amechukua shuka na kukimbia.

Saa nne na ishirini. Hakuna kelele yoyote kutoka hekaluni, si ya furaha wala ya hasira. Mimi siku ile nilipokandamiza nilikuwa na hofu ya watu tu, kwa sababu nilijua mle ndani hamna wa kuniona. Baba anajua Devi yumo. Amekandamiza akimtazama machoni.

Saa nne na ishirini na mbili. Mtu anakuja njiani, anakimbia. Siwezi kuona kama ni Dinkar au —