Swali la Tisa Halikujibiwa

3 Februari

Mdogo wangu,

Salamu kwako, kwa shemeji na kwa watoto wote wawili. Mimi mzima kabisa, hofu ni juu yenu tu.

Jana nilikwenda zahanati ya mtaani kupima presha, maana fundi cherehani wa mbele ya nyumba yangu alinisumbua mpaka nikachoka. Nilidhani nitafungwa kile kitambaa mkononi, nipewe namba zangu, niondoke. Badala yake karani, mwenye kucha ndefu kuliko akili, akanisukumia karatasi. Maswali tisa. Ni kopi ya kopi mpaka herufi zimepauka, na mistari imekwenda upande. Kalamu imefungwa mezani kwa uzi usiozidi urefu wa kiganja, basi kila mgonjwa anaandika ameinama kama ananusa meza.

Unajua nimesahihisha mitihani miaka thelathini na moja. Watoto waliniita Kalamu Nyekundu na sikuwahi kukasirika. Basi nakuambia, aliyetunga karatasi ile angekuwa mwanafunzi wangu ningemrudisha darasani. "Katika wiki mbili zilizopita umesumbuliwa mara ngapi na kukosa usingizi, au kulala kupita kiasi?" Sasa mimi ninayekesha Jumatatu na kulala kama gogo Jumanne, nijibu nini? Halafu unachagua: hata kidogo, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku hizo, karibu kila siku. Watu wazima tumejipanga kwenye benchi, mmoja shavu limevimba kwa jino, tunapima huzuni zetu kwa nusu za siku!

Nilijibu manane, yote "hata kidogo". Moja nililiacha kwa ubovu wake. Karani akajumlisha kwa vidole. Kujumlisha sifuri kwa vidole, mdogo wangu, nimeshuhudia kwa macho haya. Akaandika SIFURI, akagonga muhuri, akaniambia, "Mzee, uko poa." Poa! Kama chai iliyosahauliwa mezani.

Ndiyo kazi mnayoifanya huko na wewe? Nieleze, nicheke.

Kaka yako


12 Februari

Kaka yangu,

Shikamoo. Huku hatujambo, ila mkubwa ana mafua. Barua yako nimeisoma chumba cha sindano, nikacheka mpaka mgonjwa akapandisha suruali haraka akidhani namcheka yeye.

Ndiyo, hiyo ndiyo kazi yangu. Na ile si mtihani, kaka, hakuna anayefaulu. Imewekwa kwa ajili ya watu kama wewe wenye midomo iliyoshonwa. Mtu anaingia kwa kikohozi, anatoka na dawa ya kikohozi, wiki ya pili tunasikia amejiua, na sisi tunabaki kutazamana: mbona alikuwa hapa juzi? Ndiyo maana tunawauliza wote, wa jino na wa presha. Mwaka jana mwashi mmoja alikuja na kidonda cha mguu, akatia alama mahali ambapo kwa mdomo asingesema kamwe. Tulikaa naye kutwa, na wiki nyingi baadaye. Leo anatujengea choo, na anakijenga vibaya.

Wajinga hata hapa tunao. Daktari wetu anasema ukimuuliza mtu habari za kujiua unampa wazo. Upuuzi mtupu! Kana kwamba mtu hajawahi kufikiria kufa mpaka aletewe karatasi na muuguzi. Lakini nisijisifu na mimi. Wagonjwa arobaini kabla ya saa sita, karatasi zinajaa kwenye boksi la glavu, nazijumlisha jioni nimeshavua viatu. Palipoachwa wazi nahesabu sifuri, nasonga mbele.

Sasa wewe. Unakula? Simu umeizima tangu tulipomzika wifi, na hii ni miezi minane. Nguo zake bado ziko kabatini? Jibu haya, acha kusahihisha.

Mdogo wako


21 Februari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kwenu nyote, na mafua ya mkubwa yapone. Mimi mzima kabisa.

Nakula. Nguo za wifi yako zimekwenda, na kabati limekwenda pamoja nazo. Viti vya sebuleni nimevipeleka shuleni, vitabu pia. Kamusi yangu nimempa fundi cherehani, ambaye ataitumia kuinulia mguu wa cherehani. Kalamu zangu nyekundu, boksi zima, nimemwachia yeye achoree vitambaa. Alinishukuru huku akinitazama juu mpaka chini kama ananipima suti. Hati ya nyumba iko kwenye bahasha ya kaki juu ya dirisha la jikoni, imeandikwa jina lako. Usiniulize kwa nini, mtu mwenye utaratibu hupanga vitu vyake. Nyumba sasa imekuwa nyeupe. Ukikohoa sebuleni unajibiwa na ukuta.

Wafariji nimewafukuza. Wa mwisho alikuwa mpwa wa marehemu, akakaa saa mbili, akaniambia nisijali, muda utaponya. Nikamwomba ataje tarehe. Akatafuta viatu vyake.

Huyo daktari wako ni bure kabisa, lakini aliyetunga karatasi ndiye hasa anayenikera. Lile swali nililoliacha bado nalifikiria. La tisa. "Mawazo kwamba ingekuwa afadhali ufe, au ya kujidhuru kwa namna yoyote." Nani alimpa mtu huyu kalamu? Hayo ni maswali mawili yamefungwa kamba moja! Mtu anaweza kuwa na la kwanza bila la pili. Au akawa alipita kwenye la kwanza zamani na sasa amefika kwenye la pili. Ningejibu lipi? Watahiniwa wangu niliwafundisha hivi: swali likiwa bovu, liache wazi, msahihishaji mwenye akili ataona pengo na atajua hapo kuna jambo. Yule karani hakuona kitu. Aliweka sifuri yake akamwita mwenye jino.

Usihangaike kujibu barua hii. Nisalimie watoto, mmoja mmoja, kwa majina yao.

Kaka yako


26 Februari, saa nne asubuhi

Kaka yangu,

Shikamoo. Huu ni mwandiko wa fundi cherehani, usimcheke. Mimi nimo kwenye basi nakuja, namsomea kwenye simu yake, namba ninayo tangu msiba, na yeye anaandika. Barua yako nimeipata leo alfajiri.

Mjinga wa kwanza ni mimi. Uliniambia tangu barua ya kwanza kwamba kuna swali umeliacha, na sikukuuliza ni lipi. Nikacheka. Miaka sita nahesabu pengo kuwa sifuri, halafu najiita muuguzi! Kabla sijapanda basi nimelimwaga boksi la glavu kitandani. Karatasi za mwezi huu peke yake, watu kumi na mmoja wameliacha la tisa wazi, na wote nimewaandikia "salama" kwa mkono wangu. Muuguzi mwenzangu na yule mwashi sasa hivi wanapita nyumba kwa nyumba kuwatafuta. Wa kumi na mbili ni wewe, na wewe nakuja mwenyewe.

Umesema maswali yamefungwa kamba. Nimeyafungua.

La kwanza: unatamani kufa?

La pili: umekusudia kujiua?

La tatu: una kitu cha kujidhuru humo ndani, na umeshapanga siku?

Kama kitu kipo, mkabidhi fundi kabla hujaandika lolote. Kisha jibu nyuma ya karatasi hii, atanisomea. Habanduki hapo mpaka nifike. Nakupenda, kaka, kichwa kigumu wewe. Nimekuogopea tangu alfajiri.

Mdogo wako


Siku hiyo hiyo, nyuma ya karatasi

Mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa dereva, mwambie asikimbize basi. Mimi si mzima.

Mwandiko wa fundi ni fedheha. Ameandika akilia, tena kwa kalamu nyekundu niliyompa mwenyewe, kwa hiyo barua yako imenijia kama karatasi ya mtoto aliyefeli. Nimeisoma mara tatu.

La kwanza: ndiyo. Karibu kila siku, kwa lugha yao ile ya kipumbavu.

La pili: ndiyo.

La tatu umeunganisha mawili tena, kosa lile lile, na siku nyingine ningekukata maksi. Nayajibu yote. Kitu kilikuwepo. Nimemkabidhi fundi naye amekikalia, kwenye kigoda alichokuja nacho, na hanyanyuki hata kunywa maji. Siku ilikuwa Jumapili, nikishaamini kwamba barua yangu imekufikia.

Miezi minane watu wananiuliza kama nakula na kama nalala, kisha wananijibia wenyewe. Hakuna aliyeniuliza hili. Niliwadharau wote kwa hilo, na ile karatasi niliidharau kuliko wote, kwa sababu iliuliza halafu haikungoja jibu. Nilikaa pale benchini, baada ya muhuri, nusu saa nzima. Nilikuwa nangoja mtu aniite.

Naogopa, mdogo wangu. Neno hili sijaliandika popote tangu wifi yako afe, na limenitoka kwa shida kuliko hayo majibu mengine.

Fundi anasema nimalize, salio la simu linakwisha na anataka kukusomea. Mwambie aache kunitazama kama suruali isiyo na pindo. Ukishuka stendi usisimame kununua kitu, njoo moja kwa moja. Nyumba haina hata kiti kimoja, utakaa sakafuni na mimi.

Kaka yako