Dirisha la Chumba cha Bondeni

Kasulu, 14 Januari 2024

Baba,
Shikamoo. Goti linaendeleaje? Nakuandikia kwa sababu simuni hunisikii vizuri. Sisi tupo, ila mjukuu wako Saady bado anabanwa na kifua. Tangu mvua zianze tumekwenda zahanati mara tatu. Safari hii nesi aliweka kalamu chini akaniuliza, "Mnalala wapi?" Nikamwambia chumba kimoja huku bondeni, hakina dirisha, na mvua ikinyesha mkaa nauwashia ndani. Akasema, "Dawa nitakupa, lakini unamrudisha kwenye moshi uleule." Foleni nzima ni watu wa bondeni, Baba. Wa kule juu siwaoni.
Mwanao, Nasma

Kibondo, 22 Januari 2024

Mwanangu Nasma,
Marahaba. Goti limepoa. Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikaisoma tena. Vyumba vya namna hiyo nimevijenga mimi mwenyewe hapa Kibondo, vingi tu. Mwenye nyumba anasema, "Fundi, dirisha la nini? Banabana, tupate chumba kingine." Nami nabana. Sikuwahi kuuliza nani atalala mle. Mwombe mwenye nyumba wako ruhusa. Kazi nitaifanya mimi.
Baba yako, Omary

Kasulu, 30 Januari 2024

Baba,
Shikamoo. Juzi Saady alilala ameketi, nimemwegemeza kifuani kwangu. Mzee Ridhiwani, mwenye nyumba, amekataa. Anasema dirisha linaita wezi. Nikamuuliza, "Waje kuiba nini, mzee, ndoo?" Akacheka, lakini hakukubali. Mama Yasmini wa chumba cha pili anasema Ijumaa tumwendee sisi wapangaji wote. Wewe njoo tu.
Nasma

Kibondo, 10 Machi 2024

Mwanangu,
Nimefika salama. Nilikuja kutoboa ukuta mmoja, nimeacha madirisha sita! Bado namwona Ridhiwani alivyokuta mlango wake umejaa wapangaji, na kesho yake akanishikia ngazi mwenyewe. Huku nimeanza kuwapitia wenye vyumba nilivyojenga. Wa kwanza aliniuliza kama nina homa. Bi Zuhra amekubali, naanza kwake Jumatatu. Kifua cha mjukuu wangu je?
Baba yako

Kasulu, 2 Aprili 2024

Baba,
Shikamoo, na hongera kwa kazi ya Bi Zuhra. Huku maji ya bomba bado yanatufikia mwisho, na mtaro unafurika kama ulivyouona. Lakini wote sasa tunapikia nje, chini ya bati tulilochangia, na zahanati hatujakanyaga tangu uondoke. Jana nilikwenda sokoni na Saady. Ule mlima aliupanda kwa miguu yake, mimi nyuma na kapu. Katikati akageuka akasimama kunisubiri.
"Mama," akasema, "mbona unahema?"
Mwanao, Nasma