Ile Picha ya Stesheni

Tarehe tatu, mwezi wa tatu.
Leo natimiza miaka tisa na miezi minne tangu nitoke hapo nyumbani.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi kilichokusumbua kimetulia. Mimi ni mzima, nafanya kazi, nakula. Msalimie Kaka Mkubwa, mwambie nimefurahi kusikia ghorofa inapanda na kwamba chumba changu kitakuwa kule juu kabisa kwenye upepo. Msalimie na huyo kitinda mimba wako anayekusomea. Asome kila neno kama nilivyoliandika, asiruke wala asitie chumvi. Ningepiga simu, lakini hapo kwetu simu moja inasikilizwa na watu kumi na kila mmoja ana la kujibu. Kwenye barua hakuna wa kunikatiza.

Mama, nimekasirika. Nimesikia habari mlizoletewa na Baba Mdogo na Mama Mdogo waliporudi kutoka kunitembelea. Nimesikia pia kwamba picha yangu, nikiwa nimepiga magoti katikati ya stesheni ya treni, imezunguka kwenye simu za ukoo mzima, na kwamba wapo wanaosema siku hizi naombaomba. Wewe mwenyewe uliniuliza kwa sauti ya chini kama nina shida. Sauti hiyo imenichoma kuliko maneno ya wote.

Basi sikiliza yalivyokuwa.

Walikaa kwangu siku kumi na mbili. Chumba changu kina kitanda, meza, na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Kitanda niliwapa wao, mimi nikalala chini kwenye godoro la kukunja. Asubuhi ya kwanza Mama Mdogo alisema yeye alidhani watu wa huku wana sebule. Baba Mdogo akamwambia asinilaumu, mwanamume asiye na mke hata kabati huliita nyumba. Nikacheka, maana ni baba yangu.

Nilichukua likizo, ya kwanza tangu mwaka juzi. Msimamizi wetu, tunayemwita Pimamaji, jina la kile kifaa chetu cha kupimia usawa, kwa sababu machoni pake kila kitu kimepinda, alininunia siku tatu kabla ya kukubali. Nikawatembeza. Kwenye jumba la makumbusho Baba Mdogo alikaa kiti cha mlangoni, akavua viatu, akasema vyungu vilivyovunjika hata nyuma ya jiko lako vimejaa. Kwenye bustani ya ndege Mama Mdogo aliuliza kama wanaliwa. Lile daraja refu tulilivuka mara tatu, kwenda na kurudi, kwa kuwa kwenye picha za kwanza upepo ulimharibia kilemba chake. Mara tatu, Mama, na begi lake nimelibeba mimi.

Kwenye mnara ndiko walikopata neno la kwanza la kubeba. Ngazi mia tatu na kumi, na lifti ilikuwa imeharibika. Niliwaambia wapande, nitawasubiri kwenye benchi. Waliposhuka, Mama Mdogo alimwambia mumewe, makusudi nisikie, kwamba kijana ameota mapembe, anaona haya kuonekana na watu wa kwao. Haya! Mimi niliyezunguka mjini kutwa nzima na Baba Mdogo amevaa koti langu la kazi lenye saruji mgongoni, kwa sababu lake jipya analitunza la kurudi nalo!

Siku ya kumi ndipo nilipowapeleka stesheni. Sakafu ya ukumbi ule tuliitandika sisi, mafundi sita, kwa miezi saba. Ni vigae vya rangi nne, vimepangwa vikatoa ua moja kubwa kuanzia katikati ya ukumbi mpaka kwenye nguzo. Kila kigae unakiweka ukiwa magotini, unakigonga kwa nyundo ya mpira huku umetega sikio. Ukisikia kina uwazi chini, unaking'oa, unaanza upya. Maelfu ya watu wanapita pale kila siku na hakuna hata kimoja kilichocheza. Na sisi tuna kawaida yetu. Kigae cha mwisho, kabla hakijalazwa kwenye saruji, fundi mmoja anaandika nyuma yake neno analotaka. Wenzangu walinipa mimi. Niliandika jina lako, lile ambalo Bibi alikuwa akikuitia ulipokuwa mdogo. Lipo karibu na nguzo ya tatu, na hakuna atakayelisoma mpaka siku stesheni itakapovunjwa.

Nilitaka mtu wa kwetu asimame pale, Mama. Basi. Miaka tisa, hakuna mmoja wenu aliyewahi kuona kazi ya mikono yangu. Nikapiga magoti nimwonyeshe Baba Mdogo kigae chenyewe, jinsi kisivyopishana na mwenzake hata kwa unene wa karatasi. Kabla sijafika kwenye jina, akaniuliza kwa sauti iliyosikika mpaka dirisha la tiketi kama kweli nimewavusha mji mzima kuja kuangalia chini. Mama Mdogo akacheka mpaka akashika ubavu. Akanipiga picha, akasema atawapelekea mjionee mtoto wenu anavyosujudia sakafu. Kisha wakaenda zao kwenye duka la mabegi.

Hiyo ndiyo picha yenyewe. Siombi, na sijawahi kuomba. Nilikuwa juu ya kazi yangu mwenyewe, na anayeicheka namkaribisha aje atandike mita moja tu, nimwone.

Nilikusudia kuishia hapo. Maneno hayo ya juu niliyaandika jana. Leo nimeyasoma tena, nikaona nimekuwa hodari wa kumlaumu Baba Mdogo huku langu nimelifunika. Mwambie msomaji wako afunge mlango na ashushe sauti.

Mama, magoti yangu yamekwisha. Walipokwenda dukani, mimi sikubaki pale kwa hasira. Nilishindwa kuinuka. Nilikaa vilevile nikijifanya nakagua vigae, wasafiri wananipita na mizigo yao, mpaka mfagiaji wa ukumbi, mzee nisiyemjua, akalaza ufagio wake, akanishika kwapani, akaninyanyua. Aliniuliza nafanya kazi gani, nikamwonyesha chini. Akasema anaifagia sakafu hiyo kila siku, na hajaona mahali ufagio unapokwama.

Ndiyo maana hata mnara sikuupanda. Daktari aliniambia tangu mwaka jana niache kazi ya kupiga magoti. Nilimwitikia, kesho yake nikarudi kazini. Nilikuwa nimepanga kumwambia Baba Mdogo palepale, nikishamwonyesha kigae chako, ili akuletee habari hii polepole, kwa mdomo wa mtu mzima. Baada ya kile kicheko nikaimeza. Niliona afadhali akuambie nina maringo kuliko akuambie mwanao hawezi kusimama.

Kwa hiyo usimgombeze. Bado nina hasira naye, lakini hayo ni ya mimi na yeye. Na Mama Mdogo asiifute ile picha. Mwambie kitinda mimba aikuze, aangalie karibu na mkono wangu wa kushoto. Kuna kigae kimoja kilichopauka kidogo kuliko wenzake. Ndicho hicho chako.

Nisalimie majirani wote, na hao wa naombaomba pia. Chumba cha juu Kaka Mkubwa alale yeye na mkewe. Mimi anipe cha chini, kisicho na ngazi, na sakafu yake mtu asiiguse. Nitaitandika mwenyewe, nimekaa kwenye kigoda, hata kama ni kigae kimoja kwa siku.

Kazi tuliyonayo sasa ni ya shule, inaisha mwishoni mwa mwezi wa sita. Nitegemee Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa saba. Usije kunipokea na watu wengi, nitatembea polepole.

Ni mimi mwanao wa pili,
Fundi.